Supachaja kwenye injini ya gari ya zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa nimekusanya maswali ambayo wenye Beetle, Morris Minor, MG, Peugeot 404 na gari za rika hilo huwa wanauliza wakishaanza kuwaza supachaja. Nazungumzia injini za kabureta zilizotoka kiwandani bila supachaja, na busti (msukumo wa ziada wa hewa) ndogo tu ya psi 5 mpaka 7, psi ni kipimo kilekile cha presha ya tairi, gari ya kutembelea barabarani. Mambo ya kushindana drag ni habari nyingine kabisa.

Supachaja ni nini hasa, na tofauti yake na tabo ni ipi?

Ni pampu ya hewa inayozungushwa na injini yenyewe, mara nyingi kwa mkanda kutoka kwenye puli ya krenki, shafti kuu ya injini. Injini ya kawaida inavuta hewa yenyewe pistoni ikishuka, na haiwezi kupata zaidi ya ile hewa iliyopo nje. Supachaja inaisukumia hewa kwa nguvu, silinda inajaa zaidi, unachoma petroli nyingi zaidi kwa mpigo mmoja. Ule msukumo unaozidi hewa ya nje ndio tunauita busti.

Tabo inafanya kazi hiyohiyo ila inazungushwa na moshi wa ekzosi, kwa hiyo inasubiri moshi uwe mwingi ndio iamke, inaleta joto kali chini ya boneti, na inahitaji njia ya oili kwenda na kurudi. Kwenye injini ya zamani yenye nafasi finyu na manifodi ya chuma cha kumimina, supachaja ni kazi safi zaidi na inajibu palepale unapokanyaga.

Faida yake kubwa ni ipi? Spidi?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanakosea kuhesabu. Faida kubwa ni nguvu ya chini, ile ya mzunguko wa 1500 mpaka 3500 kwa dakika, ambako ndiko gari ya zamani inaishi maisha yake yote. Pampu ya aina ya Roots (aina zote nazieleza chini) inasukuma kiasi kilekile cha hewa kila inapozunguka, kwa hiyo busti inaanza mapema sana na inakaa hapo hapo. Kwa lugha ya gereji, gari inapata pikapu.

Chukua Morris Minor 1000 yenye injini ya 948 cc na hp (nguvu za farasi) 37. Ikiwa na watu wanne na mizigo ukafika mlima wa Kitonga, unaanza na gia ya tatu, unashuka ya pili, na ukikutana na lori linalotambaa mbele yako unashuka ya kwanza halafu unakaa nyuma yake unavuta moshi wake mpaka juu kwa sababu huna nguvu ya kuovateki. Injini hiyohiyo ikiwa na psi 6 inapanda na gia ya tatu sehemu kubwa ya mlima, na unapopata nafasi ya kupita lori unapita kweli, hukai upande wa pili wa barabara ukiomba Mungu. Kwangu mimi hiyo ni faida ya usalama kabla hata hatujaongelea raha.

Faida ya pili watu hawaitaji sana lakini ni kubwa: tabia ya gari haibadiliki. Ungeweza kutafuta nguvu kwa kuweka kamshafti kali, kabureta mbili kubwa na kuchonga hedi, lakini injini ya namna hiyo inakoroma ovyo ikiwa sailensi (hujakanyaga), inakufa kwenye foleni, na nguvu yake iko juu kwenye 5000 ambako beringi za zamani hazipendi kukaa. Yenye supachaja inawaka kama kawaida, inatulia, bibi yako anaweza kuiendesha kwenda kanisani, na ukikanyaga ndio unakuta injini kubwa iliyojificha pale.

Nitapata hp ngapi?

Hesabu ya karatasi inasema hivi: hewa ya usawa wa bahari ina psi 14.7, ukiongeza 6 unakuwa umeongeza kama asilimia 41. Sasa toa nguvu inayoliwa na supachaja yenyewe kujizungusha, toa hasara ya hewa kupata joto inaposukumwa, unabaki na robo mpaka theluthi hivi. MG TC yenye hp 54 tegemea karibu na 70. Anayekuahidi mara mbili kwa psi 6 achana naye.

Mifano ya kiwandani inaonyesha picha hiyohiyo. Auburn ya Marekani mwaka 1935 ilikuwa na hp 115 bila supachaja na 150 ikiwa nayo. Kaiser Manhattan ya 1954 ilitoka 118 ikaenda 140 kwa supachaja ya McCulloch.

Si ni kuharibu gari ya kihistoria? Nataka ibaki ya asili.

Hofu hii naiheshimu sana. Lakini tukumbuke supachaja yenyewe ni kitu cha kihistoria, ina umri mkubwa kuliko magari mengi tunayoyaita ya zamani. Ndugu wawili wa Indiana, Philander na Francis Roots, walipata hati ya ile pampu yao mwaka 1860, na ilitumika kupuliza hewa kwenye matanuru ya kuyeyushia chuma. Gottlieb Daimler alisajili wazo la kuisukumia injini hewa mwaka 1885. Mercedes walionyesha magari ya kuuza yenye supachaja Berlin mwaka 1921. Mwaka 1923 Fiat wakashinda Grand Prix ya Italia pale Monza, ushindi wa kwanza wa gari yenye supachaja kwenye Grand Prix. Miaka kumi baadaye Tazio Nuvolari akachukua MG K3, injini ya cc 1087 tu lakini na supachaja, akashinda Tourist Trophy kule Ulster.

Na kwa gari za watu wa kawaida pia zilikuwepo. Uingereza miaka ya 1950 mwenye MG au Morris Minor aliweza kununua seti ya supachaja ya Shorrock au Marshall akaifunga nyumbani. Marekani kulikuwa na Judson waliokuwa wanatengeneza seti ya Beetle. Kwa hiyo ukifunga Shorrock kwenye MG TD huvamii historia, unafanya walichofanya wenye gari hizo zikiwa mpya.

Sharti langu ni moja: kila kitu kifungwe kwa bolti na kiweze kutoka. Usitoboe bloku, usikate chesisi, usichonge hedi pekee uliyonayo. Manifodi ya zamani, kabureta yake, puli na mabomba, vyote vifunge kwenye boksi uandike jina juu. Na kama una mpango wa kuipeleka kwenye maonyesho kama Concours d'Elegance ya Nairobi, soma masharti yao kwanza ndio uamue.

Lakini si W.O. Bentley mwenyewe aliikataa supachaja?

Aliikataa kweli huyo mwanzilishi wa magari ya Bentley. Ile Bentley ya lita 4½ inayoitwa Blower ilisukumwa na dereva Tim Birkin, akisaidiwa na pesa za Dorothy Paget na ufundi wa Amherst Villiers, na supachaja ikakaa mbele kabisa chini ya radieta ikizungushwa moja kwa moja na krenki. Kwa gari ya barabarani nguvu ikatoka hp 110 ikaenda 175. Bentley alitaka kuongeza ukubwa wa injini badala yake, na mbio za masaa 24 za Le Mans za 1930 zikampa haki: Blower ziliharibika njiani, gari iliyoshinda ikawa Bentley Speed Six isiyo na supachaja.

Mwaka huohuo lakini Birkin alishika nafasi ya pili kwenye Grand Prix ya Ufaransa pale Pau, akiwa na lile dubwana kati ya magari madogo mepesi ya mashindano. Mimi ninachokichukua hapo ni kwamba supachaja inadai uimara. Ile hadithi inahusu kukamua injini masaa 24 mfululizo, sisi tunaongelea psi 6 kwa sekunde chache za kupanda mlima.

Kwa nini injini ya zamani inaikubali kuliko ya kisasa?

Kwa sababu ya kompresheni ndogo, yaani kiasi ambacho pistoni inabana hewa na petroli kabla ya kuwaka. Baada ya vita Uingereza walikuwa wanauza petroli ya Pool yenye oktani (uwezo wa kubanwa bila kulipuka kabla ya wakati) karibu 70, kitu dhaifu sana, na injini zilitengenezwa kuvumilia hiyo. MG TC ina kompresheni ya 7.25 kwa 1. Beetle ya 1200 ya miaka ya 50 ina 6.6. Petroli ya leo ni bora mno kuliko ile, maana yake injini hizi zina nafasi ya bure ambayo hazijawahi kuitumia.

Zidisha uone. 7.25 mara 1.41 (ile asilimia 41 ya psi 6) unapata 10.2, namba ambayo inaendesheka kwa petroli ya sasa kama taimingi (wakati plagi inapopiga cheche) iko sawa. Sasa chukua MGB yenye 8.8, zidisha, unapata 12.4, hapo tayari uko kwenye eneo la hatari na itabidi ushushe busti au utafute pistoni za kompresheni ndogo, zipo, maana hata kiwandani MGB iliuzwa pia na 8.0. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, ijue kompresheni ya injini yako, sio ya jirani.

Naishi Mbeya. Kuna tofauti yoyote na mtu wa Dar?

Kubwa sana, na hili swali nalipenda kuliko yote kwa sababu vitabu vya wenzetu wa Ulaya hawaligusi, wao wanaishi chini.

Mbeya iko kama mita 1700 juu ya bahari, Nairobi hivyohivyo au zaidi kidogo, Arusha kama 1400. Kwenye mita 1700 hewa ina psi 12 hivi badala ya 14.7. Maana yake injini yako ya kabureta imepoteza karibu asilimia 18 ya nguvu kabla hujawasha. Ile Minor ya hp 37, huko juu una kama 30 tu. Ndio maana gari iliyokuwa inakwenda vizuri Tanga ikifika Mbeya watu wanadhani ina ugonjwa, wanabadilisha plagi, wanafungua kabureta, kumbe ni hewa.

Supachaja inalirudisha hilo. Seti iliyopigiwa puli ya kutoa psi 6 usawa wa bahari, ukiipeleka Mbeya geji itakuonyesha kama 4.9, kwa sababu inazidisha hewa kidogo iliyopo. Lakini jumla ndani ya manifodi ni karibu psi 16.9, bado uko asilimia 15 juu ya mtu wa Dar asiye na supachaja. Ndege za vita za zamani ziliwekewa supachaja kwa sababu hiyohiyo, hewa nyembamba ya juu.

Hapa kuna mtego. Mtu wa Mbeya anaona geji 4.9 haridhiki, anaweka puli ndogo izungushe supachaja kwa kasi zaidi apate 6 palepale Mbeya. Sawa, inatembea vizuri. Desemba anateremka Dar na familia, hewa inakuwa nzito, na geji ileile sasa inasoma zaidi ya 7, joto la pwani limeongezeka, gari imejaa mizigo, injini inaanza kugonga (petroli inalipuka kabla ya wakati) na muziki umewashwa hasikii. Kama gari yako inasafiri kati ya juu na chini, pima puli kwa usawa wa bahari, basi.

Nichukue aina gani?

Kwa gari hizi utakutana zaidi na tatu. Roots, yenye rota mbili zinazozungukana bila kugusana, ngumu, haina mambo mengi, hii ndiyo nampendekezea mtu. Ya vane, kama Shorrock na Judson, ina mabapa yanayoteleza ndani ya ngoma, inabana hewa vizuri lakini mabapa yanaisha na yanataka oili kila wakati: Shorrock inaletewa oili kidogo kutoka kwenye injini, Judson inakuja na chupa yake inayodondosha matone kwenye hewa inayoingia, chupa ikikauka umeua mabapa. Ya tatu ni sentrifuga (feni ya kasi) kama McCulloch, nyepesi, lakini busti yake inakuja juu kwenye mzunguko mkubwa, na sisi tumesema tunataka ya chini.

Naweza kutumia Kompressor iliyotolewa kwenye Mercedes au MINI iliyokatwa?

Ndiyo, na kwa mazingira yetu hii ndiyo njia inayowezekana kirahisi. Kompressor ni jina la Mercedes kwa supachaja, na nyingi ya hizo, pamoja na ile ya MINI, ni Roots za kampuni ya Eaton. M45 iliyo kwenye MINI Cooper S ya 2002 mpaka 2006 inafaa vizuri kwa injini za 1.3 mpaka 1.8, ina oili yake ndani imefungiwa, huna haja ya kuunganisha bomba la oili. Angalia tu kwamba ile ya MINI imeunganishwa na pampu ya maji nyuma, hapo patabidi pazibwe. Baadhi ya za Mercedes zina klachi ya umeme kwenye puli kama ya kompresa ya AC.

Ukienda kununua kwenye spea za kukatwa, izungushe kwa mkono. Inatakiwa izunguke laini bila kukwaruza, chungulia ndani uone rota kama zina michubuko, shika shafti utikise kama beringi zimelegea. Yenye oili imevujia ndani iache hapohapo.

Kabureta ikae kabla au baada ya supachaja?

Kabla. Petroli ikipita ndani ya supachaja inaipoza hewa na inaziba zile nafasi ndogo za rota, na kabureta inafanya kazi bila kujua kuna busti. Kabureta moja ya SU ya inchi 1¾ inatosha injini nyingi tunazoziongelea, ila lazima sindano yake ibadilishwe iwe ya kumwaga zaidi. Intakula (kipoza hewa ya busti) hapo huwezi kuweka na kwa psi 6 huihitaji.

Kitu kimoja usikiache: valvu ya usalama kwenye manifodi, ile yenye springi. Manifodi yote imejaa mchanganyiko unaowaka, injini ikipiga chafya kurudi nyuma ule mlipuko unatakiwa kupata pa kutokea. Bila valvu hiyo utapinda rota au kupasua manifodi.

Injini yangu imechoka kidogo, supachaja si itaisaidia?

Itaimaliza. Pima kompresheni silinda zote, zisipishane zaidi ya asilimia 10. Pima presha ya oili ikiwa ya moto. Kama inatoa moshi wa bluu au inapitisha hewa kwenye ringi, pesa ya supachaja ipeleke kwenye kuovaholi kwanza. Hii naisema kwa mkazo kwa sababu ndiyo inayoua injini nyingi, mtu ana hamu, anafunga kifaa cha gharama juu ya injini iliyokuwa inaomba ringi.

Taimingi, plagi na mafuta vipi?

Taimingi irudishwe nyuma, kianzio kizuri ni digrii moja kwa kila psi ya busti, halafu unarekebisha kwa kusikiliza na kupima. Plagi hatua moja ya baridi zaidi. Mchanganyiko ukiwa kwenye busti uwe kama hewa 12 kwa petroli 1, na usikisie kwa rangi ya plagi, funga kipimo cha lambda (kinachosoma mchanganyiko) kwenye ekzosi hata cha kuazima. Mchanganyiko mkavu (wenye petroli kidogo) chini ya busti unatoboa pistoni kwa muda mfupi sana.

Na petroli, jamani. Tunajua habari ya uchakachuaji, ndiyo iliyofanya EWURA, wadhibiti wa nishati na maji Tanzania, waanze kuweka vinasaba (alama za kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010. Mafuta ya taa yakichanganywa kwenye petroli oktani inashuka, injini ya kawaida itakoroma tu, yenye supachaja itagonga na kuvunja. Jaza kituo unachokiamini, na ukiwa umejaza mahali usipopajua nenda taratibu mpaka tanki liishe.

Inakula mafuta sana?

Ukikanyaga, ndiyo, nguvu haitoki hewani. Ukitembea taratibu kwenye tambarare kipepeo cha kabureta kimefunguka kidogo, busti hakuna, unachoongeza ni kile kidogo cha kuizungusha pampu.

Beetle si inapata moto sana?

Swali la maana. Silinda namba 3 kwenye Beetle za zamani ndiyo inayoteseka, kwa sababu kipoza oili kimekaa ndani ya boksi la feni kinaizibia upepo. Mpaka Volkswagen walipokihamisha kwa injini za 1971. Kwa Beetle mimi ningekaa psi 5, nikahakikisha mabati yote ya kuongozea upepo yapo na mpira wa kuzunguka injini haujakatika, na geji ya joto la oili ni lazima.

Breki na giaboksi?

Breki kabla ya supachaja. Minor ya 948 ina ngoma za inchi 7 mbele, zile za inchi 8 za 1098 zinaingia. Half shafti za Minor, zile zinazozungusha magurudumu ya nyuma, zinajulikana kwa kukatika, usiondoke kwa kuachia klachi ghafla. MGB ina diski mbele tangu 1962, iko vizuri.

Fundi wa mtaani anaweza kufunga?

Anaweza, mradi puli zikae mstari mmoja kabisa. Mabano yawe ya bati nene na yashikwe sehemu mbili au zaidi, mkanda ukiwa umepinda hata kidogo utakula beringi ya supachaja na kutema nyuzi. Mafundi wetu wa kuchonga vyuma wanatengeneza mabano na manifodi nzuri sana ukiwapa kipimo sahihi. Kwenye kuweka taimingi na mchanganyiko ndipo umtafute anayejua kabureta, na hao wanapungua, ukimpata mheshimu na umlipe vizuri.

Bima?

Waambie kabla, kwa maandishi. Gari iliyoongezwa nguvu bila wao kujua ni sababu nzuri ya kukunyima malipo.

Nikija kuuza nitapoteza thamani?

Kama ulitunza lile boksi la vifaa vya asili na hukutoboa kitu, mnunuzi anachagua mwenyewe, achukue na supachaja au uitoe mbele yake siku hiyohiyo ya kuuziana. Supachaja ya enzi zile, Shorrock au Judson yenye kibati chake cha jina, wengi wataongeza bei kwa ajili yake.